Mdomo wa Pili

Kikombe cha saba kilikuwa kichungu. Crispin Kalinga akachota tena kwa kijiko, akaivuta chai kwa ile kelele ambayo wageni wa kiwanda huiona utovu wa adabu, akaizungusha ulimini, akaitema ndani ya debe. Kichungu. Akarudi kwenye kikombe cha kwanza, ambacho dakika tatu kabla alikuwa amekipitisha. Nacho kichungu.

Watu wengi hawatofautishi ukakasi na uchungu. Crispin alikuwa ameajiriwa kwa sababu yeye alitofautisha. Chai nzuri ya Mufindi ina ukakasi: hukaza fizi, kisha huondoka. Uchungu huu haukuondoka. Ulikaa nyuma ya ulimi, mahali pamoja, kama mtu aliyefika kwake.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wiki ya mwisho ya Januari 1976. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha ya chumba cha kuonjea. Akaonja kikombe cha nane, akatema, akaweka kijiko chini ili apumzike. Katika ule ukimya akasikia mtu anameza.

Humo chumbani alikuwa peke yake. Na yeye hakuwa amemeza. Kwa miaka tisa hakuwahi kumeza chai ya kazini.

Mchana aliwaeleza wenzake habari ya uchungu, si ya sauti.

"Labda una mimba," alisema Gideoni, fundi wa mashine za kukaushia. "Mke wangu akiwa nayo, hata maji anasema machungu."

"Basi mtoto atafanana na wewe," alijibu Crispin, na wote wakacheka.

Mganga wa zahanati hakucheka. Alisema malaria huanza hivyo, akampa klorokwini. Vile vidonge navyo ni vichungu, kwa hiyo kwa siku tatu Crispin hakujua ni wapi ugonjwa unaishia na dawa inaanzia. Aliporudi akaambiwa ni nyongo, aache mafuta. Akaacha. Mara ya tatu akaambiwa labda jino. Alipanda basi hadi Iringa mjini akang'olewa gego lililokuwa na tundu, akarudi shavu limejaa pamba. Damu yake mwenyewe ilikuwa na chumvi, kama damu ya mtu yeyote. Lakini chai ya maziwa aliyoandaliwa jioni ile aliisukuma pembeni baada ya funda moja.

Kiwandani meneja alimwondoa chumba cha kuonjea, akampeleka kwenye mizani ya majani mabichi mpaka apone. Crispin alijiambia yatapita. Mwili una siku zake.

Kisha mkewe akaona jambo la sisimizi.

Ikupa alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke asiyependa kurudia neno. Kopo lake la sukari alilisimamisha ndani ya bakuli la maji, kama wanawake wote wa nyumba zile za kampuni, ili sisimizi wasilifikie. Siku mbili alisahau kujaza maji. Siku ya tatu akamwita mumewe jikoni.

"Baba Tusa, hebu tazama."

Mstari wa sisimizi ulikuwa umepanda mguu wa meza. Ulifika umbali wa shibiri moja kutoka kwenye kopo lililo wazi, ukageuka, ukarudi chini. Hakuna hata mmoja aliyevuka pale. Ikupa alilowesha kidole, akachovya sukari, akaonja. Alitema kwenye majivu.

"Hii si sukari," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni sukari. Umeinunua wewe."

"Nimeinunua ikiwa sukari."

Walikuwa na mtoto mmoja, Tusajigwe, msichana wa miezi minne, mnene, mpenda ziwa. Jumapili ya pili ya Machi, saa sita mchana, Tusa alishika ziwa, akaliachia, akamtazama mama yake usoni kama mtu aliyedanganywa. Hakulia. Alifunga mdomo. Ikupa alijaribu ziwa la pili. Alijikamua tone kwenye kidole, akalionja, akakifuta kidole kwenye kanga.

"Ni shubiri," alisema.

Hawakutazamana, kwa sababu wote wawili walikuwa wamemkumbuka mtoto wa Saulo. Saulo alikuwa rafiki wa Crispin tangu darasa la tano, mwenye hoteli ya chai pale Nyololo, barabarani. Mwaka uliopita mwanawe wa miezi mitano alikataa ziwa vivyo hivyo. Aliishi siku kumi na moja. Crispin ndiye aliyelibeba lile sanduku, kwa sababu halikuhitaji watu wawili.

Tusa alikubali maji. Alikubali maji yenye chumvi kidogo. Uji wenye sukari aliutema, maziwa ya kopo aliyatema. Siku ya tatu mashavu yake yalikuwa yameshuka. Mchana wake, mvua ikipiga bati, Ikupa alimwita mumewe kwa mkono, bila kusema, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka sikio. Alikuwa amemweka mtoto kifuani amelala, mdomo umefungwa. Crispin aliinama karibu, akasikia kwanza mvua, kisha pumzi nyembamba ya mwanawe, kisha, chini ya hizo zote, kitu alichokifahamu kuliko mtu yeyote Mufindi nzima, kwa sababu ndiyo sauti aliyokuwa akiitoa yeye mwenyewe kila asubuhi mbele ya vikombe kumi na viwili, ile ya kuvuta kwa nguvu kinywaji pamoja na hewa, ndefu, isiyo na haraka, ya mtu anayejua anachoonja, ikifuatwa na mmezo, na baada ya mmezo harufu ya majani ya chai yaliyoungua, na ziwa la Ikupa, ambalo hakuna aliyeligusa, likalegea taratibu mbele ya macho yao.

"Kuna mdomo wa pili," alinong'ona Ikupa. "Tangu Jumapili. Niliogopa kukwambia."

Gideoni ndiye aliyemtajia Kashindye. Safari hii hakuwa na mzaha. Alisema ni mama wa Kisukuma aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka mbuga za Usangu, na shemeji yake alitibiwa kwake. Alfajiri Crispin alipanda basi Nyololo, akateremka Igawa, akatembea saa tatu kwenye joto ambalo watu wa milimani hawalizoei. Kashindye alikuwa anakamua ng'ombe. Hakusimama.

"Mwangaluka, mama," alisema Crispin. Salamu hiyo ya Kisukuma alikuwa amejifunza njiani.

"Mwangaluka. Kaa huko upepo unakokwenda, usinichafulie maziwa. Una mgeni."

Alipomaliza alileta vibakuli viwili. Cha kwanza kilikuwa na asali. Crispin aliionja, akatema. Cha pili kilikuwa na chumvi.

"Chumvi unaisikia?"

"Naisikia."

"Basi ulimi wako ni mzima. Ulimi ukiugua, unapoteza vyote. Wewe hujaugua. Unaibiwa, na unaibiwa kitu kimoja." Alifuta mikono kwenye kaniki yake. "Huyu tunamwita Mtangulizi. Hakai tumboni, hakai kichwani. Anakaa mlangoni. Kila kinachoingia kinapita kwake kwanza. Kitamu anabaki nacho, wewe anakuachia makapi. Akishamaliza kwako anaingia kwa wa nyumbani mwako. Una mtoto anyonyaye?"

Crispin alisema anaye.

"Siku ya ngapi tangu akatae ziwa?"

"Ya nne leo."

Kashindye alivisogeza vibakuli pembeni. "Mara ya mwisho kitu kilipokuwa kitamu mdomoni mwako, kitamu kuliko kawaida, ulikuwa wapi?"

Crispin hakuhitaji kufikiri. Jibu lilikuwepo siku zote, hakuwa ameulizwa. Ilikuwa nyumbani kwa Saulo, nyuma ya hoteli, katikati ya Januari. Saulo alikuwa amepata ulanzi, pombe ya mwanzi, wa asubuhi ile ile, ule mtogwa ambao haujachacha, akamimina kwenye kikombe chake cha bati, akakiweka mezani, akajishughulisha na kamba ya kiatu. Katika nchi ile mwenye nyumba hunywa kwanza. Huonja mbele ya mgeni, ndipo mgeni hupokea. Hiyo ndiyo dhamana kwamba hakuna kitu ndani. Lakini Crispin alikuwa na tabia yake, na kijiji chote kiliijua na kuicheka. Popote alipokwenda alikichukua kikombe kabla ya mwenyewe, akasema, "Mwonjaji ni mimi," akavuta kwa kelele, akataja siku ulanzi ulipogemwa. Siku hiyo alivuta, na utamu ulimjaa mpaka masikioni. Saulo aliinua uso kutoka kwenye kiatu. Kisha akachota sukari kwa kiganja, akaila kavu, machozi yakimtoka. Crispin alidhani analia kwa ajili ya mtoto wake. Alimshika bega.

"Anapita hivyo," alisema Kashindye. "Nyumbani kwa mwenye naye, katika kikombe chake, kwa mtu anayekunywa kabla yake naye hajui. Haijalishi mkono gani umemimina. Aliyekwisha kuwa naye hapokei tena."

"Mtoe basi, mama. Nimekuja kwa hiyo."

"Nikimtoa ataenda wapi? Mimi nina wajukuu. Njia yake ni hiyo moja."

"Nikihama nyumbani?"

"Mtoto atabaki na mdomo wa pili. Nenda, baba. Una siku chache."

Basi la kurudi lilimshusha Nyololo saa kumi jioni. Saulo alikuwa kaunta, anakoroga chai yake. Aliweka vijiko vinne vya sukari, cha tano akakisimamisha hewani alipomwona nani ameingia.

"Kamwene, Crispin," Saulo alimsalimu.

"Nimetoka Usangu."

Saulo alirudisha kijiko kwenye kopo. Wateja walikuwa wawili, madereva wa malori, wakila wali. Alimwongoza Crispin nyuma, kwenye chumba kile kile, meza ile ile, na hakumkaribisha kiti.

"Na mimi nilipewa," alisema. "Na dereva, nyumbani kwake. Alinikuta ninasifu harufu ya kahawa yake, akanipa nionje kabla yake. Sikujua."

"Lakini ulinipa ukijua."

"Ndiyo."

"Nililibeba sanduku la mwanao."

"Ulilibeba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilihama siku zile, Crispin. Nilikaa Mwanjelwa, nikalala stoo ya mtu, nikidhani nikiwa mbali mtoto atanyonya. Nilirudi kuzika. Sasa mke wangu ana mimba ya miezi sita."

"Kwa nini mimi? Una wateja mia kwa siku."

"Wote husubiri nionje kwanza. Hata madereva. Wewe peke yako hukunisubiri."

Crispin alisikia uchungu ukipanda kooni, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alijua kwamba huu ulikuwa wake mwenyewe.

"Utampa nani?" aliuliza Saulo.

"Sitampa mtu."

"Hata mimi nilisema hivyo," alisema Saulo, akafungua mlango wa kurudi hotelini.

Nyumbani Crispin alimweleza mkewe kila kitu, tangu vibakuli hadi kamba ya kiatu. Hakumficha sharti. Alisema mtu akifanyiwa hivi anajua ni kitu gani, na akimfanyia mwingine ni mbaya kuliko aliyemfanyia, maana Saulo angalau hakujua kufanyiwa na rafiki kunavyouma. Alisema watamwita Antoni. Antoni alikuwa mdogo wake, katekista wa kigango cha bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Angekuja Jumamosi kumwombea mtoto, na Mungu ana njia zaidi ya moja hata kama Kashindye anaijua moja tu.

"Lakini kikombe changu hakitagusa mdomo wa mtu," alisema. "Tumekubaliana, Mama Tusa?"

Ikupa alikuwa anamlowesha mtoto midomo kwa pamba. Alifanya hivyo muda mrefu.

"Nimesikia," alisema.

Ijumaa Tusa hakufungua macho mpaka mchana. Ngozi ya utosini ilikuwa imezama. Ile sauti ya kuvuta ilisikika sasa hata mtoto akiwa kitandani na Ikupa akiwa uani, na nguo ya kifua chake ikawa inalowa yenyewe mbele ya majirani, naye akajifunika kanga mbili juani.

Jumamosi kazi iliisha saa saba. Crispin alipita katikati ya chai, ukungu ukiwa umeshuka hadi kiunoni, na karibu na nyumba alisikia kicheko cha mdogo wake. Antoni alikuwa na kicheko cha mtu mnene, ingawa alikuwa mwembamba. Crispin alifurahi kukisikia. Alipoingia jikoni alimkuta ameketi kwenye kigoda, suruali imelowa mpaka magotini, Biblia juu ya mfuko wa nailoni ili isiguse maji. Kibuyu cha ulanzi kilikuwa sakafuni. Kikombe cha bati cha Crispin, cha buluu, chenye pengo ukingoni, kilikuwa mkononi mwa Antoni. Ndani hakikuwa na kitu.

"Kaka, usinitazame hivyo, sijakumalizia," alisema Antoni akifuta midomo. "Nilisema tumsubiri mwenye nyumba. Shemeji akasema, mwenye nyumba hii ndiye asiyesubiri mtu hata siku moja, leo mlipe. Nimekulipa. Na ulanzi wa leo, kaka, tangu nizaliwe sijaonja ulanzi mtamu hivyo. Shemeji, umeweka nini?"

Ikupa alikichukua kikombe kutoka kwa shemejiye, akakijaza, akampa mumewe kwa mikono miwili kama siku ya harusi. Macho yake hayakukwepa. Crispin angeweza kukiweka chini. Alisimama nacho, akasikia harufu yake, mwanzi na mvua na kitu kinachoanza kuchemka chenyewe, na alijua kabla hakijafika mdomoni. Alivuta kidogo tu, bila kelele.

Ulikuwa mtamu.

Chumbani mtoto alilia, kwa sauti, kilio cha hasira cha mtoto mwenye njaa. Ikupa aliingia. Kilio kikakatika, na kupitia mlango uliobaki wazi Crispin akasikia mtoto anameza, anapumua puani, anameza. Alisubiri mmezo wa pili baada ya kila mmoja. Haukuwepo.

"Mbona ananyonya vizuri?" alisema Antoni. "Mmeniambia hali mbaya."

Hata hivyo aliomba. Aliomba muda mrefu, amepiga magoti kwenye simiti, akimtaja mtoto kwa jina, na mama, na baba, na mwisho, kwa aibu kidogo, akamtaja Evarista mkewe, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia. Crispin alisema amina pamoja nao. Ikupa alisema amina akiwa na mtoto kifuani.

Antoni hakulala kwao. Kesho yake alikuwa na ibada. Crispin alimsindikiza, kama ilivyo desturi, mpaka mahali chai ya kampuni inapoishia na njia ya bondeni inapoanza. Njia nzima Antoni alizungumza juu ya bati za kigango na jina atakalompa mtoto akiwa wa kiume. Alitaka kumwita Crispin. Alitoa peremende mbili mfukoni, akampa kaka yake moja, ya pili akaitia mdomoni mwake.

Alitembea hatua tano. Akasimama, akaitema kwenye majani, akaitazama.

"Hii imeoza," alisema. Akapitisha ulimi kwenye meno, akatema tena. "Hapana, si peremende. Ni kinywa changu. Ni kichungu tangu pale darajani, nilidhani njaa. Inaweza kuwa nini, kaka? Wewe ndiye unayejua mambo ya ulimi."

Ukungu ulikuwa umewazunguka, na hakuna aliyekuwa akiwasikia. Crispin alifikiri kumwambia. Akimwambia, Antoni atajua njia, na Antoni hatampa mtu, maana Antoni si mtu wa kusema hivyo leo na kesho akasahau; atampoteza mwanawe akiwa amepiga magoti. Asipomwambia, atampoteza vilevile bila kujua nani alimfanyia. Mbali nyuma yao, hafifu, ilisikika sauti ya Ikupa ikimbembeleza mtoto kwa Kinyakyusa.

"Labda malaria," alisema Crispin. "Huanza hivyo. Pitia zahanati Jumatatu wakupe klorokwini."

"Asante, kaka." Antoni alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kama si wewe ningeanza kuwaza mambo ya ajabu."

Aliteremka, Biblia kwapani, akitema kila hatua chache, mpaka ukungu ukamfunika na ikabaki ile sauti ya kutema peke yake, kisha nayo ikaisha.

Crispin aliifungua peremende aliyopewa, akaiweka ulimini. Ilikuwa ya ndimu. Kwa miaka tisa alikuwa ametema kila kitu kizuri alichoonja, na sasa mate yalimjaa, mdomo ukamtaka ateme. Alisimama pale mpaka peremende ikayeyuka yote, akameza.